Dom Jerónimo wa Mombasa: Mfalme Kijana Aliyejitenga na Kanisa



Leo tuongee jambo ambalo wengi tunalitaja bila kulijua vizuri: kutengwa na Kanisa. Hapa kwetu Kasanda neno hili linatumika ovyo, na nadhani hata huko uliko ni hivyo hivyo. Kijana akianza kuishi na binti bila ndoa, watu wanasema katengwa. Mtu akikaa miaka miwili bila kuonekana jumuiya, naye katengwa. Hajalipa zaka? Katengwa huyo! Na mwenyewe akishasikia hivyo anaamini kabisa kwamba Mungu kamfungia mlango, basi anajikalia nyumbani, Jumapili inapita, Pasaka inapita, Noeli inapita.

Sasa, badala ya kuanza na vifungu vya sheria, nimeona niwasimulie maisha ya mtu. Huyu si wa Ulaya. Ni Mswahili wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, mtoto wa mfalme, aliyebatizwa, akalelewa na mapadre, akapewa ufalme akiwa kijana kama wewe na mimi, kisha akaikana imani na kumwaga damu ya Wakristo karibu mia tatu. Alizaliwa Yusuf bin Hasan. Kanisa lilimfahamu kwa jina la ubatizo, Dom Jerónimo Chingulia, mfalme wa Mombasa na Malindi.

MTOTO ALIYEPOTEZA BABA

Ili tumwelewe Yusuf lazima tuanze na baba yake. Watawala wa Malindi walikuwa marafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipofika huko mwaka 1498. Mombasa ilikuwa adui yao. Wareno walipoishinda Mombasa na kuanza kujenga ngome yao kubwa, Fort Jesus, mwaka 1593, walimleta mtawala wa Malindi akakae Mombasa kama mfalme mshirika. Kwa hiyo familia ya Yusuf haikuwa familia ya waasi. Walikuwa watu waliowaamini Wareno na kufanya nao kazi.

Urafiki ule uliharibika wakati wa Sultani Hasan, baba yake Yusuf. Makapteni wa Fort Jesus walitaka biashara iwe yao, mapato yawe yao, na amri iwe yao. Mfalme akawa mfalme wa jina tu. Ugomvi ukawa mkubwa mpaka Hasan akaona maisha yake yako hatarini, akavuka kwenda bara kujificha kwa watu wa huko. Hakupona. Mwaka 1614 aliuawa kwa njama ya Wareno, waliowalipa watu wa bara vitambaa ili wamuue mgeni wao. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Goa, India, makao makuu ya Wareno upande wa mashariki.

Yusuf alikuwa na umri wa miaka kama saba hivi. Na yeye pia akapelekwa Goa.

Hebu tulia kidogo hapo. Mtoto wa miaka saba anapandishwa merikebu na watu waliomuua baba yake, anapelekwa kwenye mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake, na kule anaambiwa kwamba sasa atalelewa vizuri.

GOA

Kwa macho ya nje, kweli alilelewa vizuri. Alikabidhiwa kwa Mapadre Waagustino, katika konventi yao kubwa ya Mama Yetu wa Neema. Walimfundisha kusoma, kuandika, Kireno, katekisimu. Akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo, yaani Yeronimo. Alipokua akajifunza uanamaji na vita, akatumikia katika merikebu za Wareno. Akapewa heshima ya kuwa askari wa Shirika la Kristo, heshima ambayo hata Wareno wengi waliitamani. Akafunga ndoa na mwanamke Mkristo aliyeitwa Isabel.

Mapadre wale hawakuwa watu wabaya, na nasema hivi kwa sababu ni rahisi leo kuwahukumu. Walimpa walichokuwa nacho. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna katekisimu linaloweza kulifunika. Kila siku kijana huyu aliimba zaburi pamoja na watu wa taifa lililomuua baba yake. Ubatizo wake ulikuwa wa kweli, maji yalikuwa maji na Roho Mtakatifu alikuwa Roho Mtakatifu. Ila kidonda cha mtoto yule kiliwekwa pembeni, kana kwamba ukishapewa jina jipya msiba wa zamani unafutika wenyewe. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunalijua hili kuliko watu wengi. Kibondo na Kasulu tumepokea wakimbizi tangu 1972, wakaja tena 1993, wakaja tena 2015. Tumeishi jirani na kambi: Nyarugusu, Nduta, Mtendeli. Nimekaa darasa moja la Kipaimara na watoto walioona baba zao wakiuawa. Walikuwa wanajua majibu yote ya katekisimu. Mmoja wao alikuwa wa kwanza kila mtihani wa dini. Lakini ikifika kwenye Baba Yetu, pale pa kusamehe, alikuwa ananyamaza, anaangalia chini, halafu anaendelea na sisi kwenye maneno yanayofuata. Nilikaa naye benchi moja mwaka mzima, nikaliona hilo kila wiki.

MFALME BILA UFALME

Mwaka 1626, akiwa na miaka kama kumi na tisa, Jerónimo alitawazwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Akarudi nyumbani. Fikiria kurudi kwake. Waswahili wenzake wanamwona Mreno, kwa mavazi, kwa chakula, kwa dini. Wareno wa ngomeni wanamwona mweusi aliyevaa nguo zao. Kwa watu wake alikuwa mgeni, na kwa Wakristo wenzake alikuwa mtu wa kudharauliwa. Kapteni mpya wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimtendea kama makapteni waliotangulia walivyomtendea baba yake.

Na hapa pana somo gumu kwa Kanisa. Aliyembatiza alimwambia kwamba ndani ya Kristo hakuna Myahudi wala Mgiriki, kama Mtakatifu Paulo alivyowafundisha Wagalatia. Ila aliyekuwa akisali naye Misa moja alimwonyesha kwa vitendo kwamba hayo ni maneno tu. Uasi wa imani wa Jerónimo ni dhambi yake mwenyewe, na nitalisema hilo wazi huko mbele. Lakini waliompa kashfa nao wana hesabu yao mbele za Mungu. Bwana wetu alizungumzia jiwe la kusagia na shingo ya anayewakwaza wadogo. Soma Mathayo sura ya 18 ukipata nafasi.

Ikawa kwamba mfalme akaanza kwenda usiku kwenye kaburi la baba yake. Alikuwa anasali pale kwa namna ya Kiislamu, dini ya baba yake. Kuna mtu akamwona, akaenda kumwambia kapteni. Kapteni akapanga kumkamata na kumpeleka Goa, kwenye Baraza la Uchunguzi wa Imani, maarufu kama Inkwizisheni. Habari zikamfikia mfalme kabla hajakamatwa.

Nikifikiria habari hii huwa najiuliza ingekuwaje kama pale kaburini angekutwa na padre mwenye moyo wa mchungaji. Mtu anayelia usiku kwenye kaburi la baba aliyeuawa hahitaji kwanza mahakama. Anahitaji mtu wa kukaa naye chini. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini kwa Jerónimo wa mbali hawakuingia kabisa.

TAREHE 15 AGOSTI 1631

Ilikuwa Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Mfalme aliingia Fort Jesus na watu wake kama mia tatu, kama mtu aliyekuja kwa heshima ya sikukuu. Hakuna aliyemzuia, kwani alikuwa mfalme na Mkristo. Akamchoma kapteni kwa kisu, na watu wake wakawaua walinzi. Mke wa kapteni na binti yake nao wakauawa. Kisha moto na mauaji vikahamia mjini, kwenye nyumba za Wareno.

Wakristo waliosalia walikimbilia konventi ya Waagustino. Mfalme akatangaza kwamba ameuacha Ukristo, jina lake ni Yusuf, na kila Mkristo achague: kuikana imani au kufa.

Hapa ndipo Afrika Mashariki ilipopata mashahidi wake, zaidi ya miaka 250 kabla ya Karoli Lwanga na wenzake kule Uganda. Walikuwemo mapadre Waagustino. Walikuwemo Wareno, watu wa damu ya mchanganyiko, na Waafrika waliobatizwa palepale pwani. Walikuwemo wanawake na watoto. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu karibu 300.

Kati yao anayenigusa zaidi ni António. Huyu alikuwa wa ukoo wa mfalme, Mswahili wa Malindi, ndugu yake kabisa. Yeye pia alikuwa na sababu za kuwachukia Wareno. Naye alikuwa Mwafrika kati ya wageni. Mfalme alimtaka arudi upande wake, na kwa kweli angerudi angekuwa mtu mkubwa. António akakataa kumwacha Kristo. Akauawa.

Ndugu wawili wa ukoo mmoja, dini moja, mji mmoja, dhuluma ileile. Mmoja alimwona Mreno na Kristo kuwa kitu kimoja, kwa hiyo alipomkataa Mreno akamkataa na Kristo. Mwingine alijua kuwatofautisha. Vijana, ukibaki na jambo moja tu kutoka kwenye makala hii, bora liwe hili la António. Yupo kijana leo anayesema haendi tena kanisani kwa sababu mwenyekiti wa kigango alimdhalilisha, au mtu fulani wa Kanisa alimfanyia unyama. Uchungu huo ni wa haki na usemwe, tena usemwe kwa sauti. Lakini aliyekutendea vibaya siye Kristo.

Niseme na hili kabla sijaendelea, maana tunaishi na ndugu zetu Waislamu, kuanzia Ujiji mpaka huku kwetu. Hii si habari ya kuchukia dini ya mtu. Waislamu wa pwani walikuwa wamedhulumiwa kweli, na Sultani Hasan aliuawa bila haki. Ninayemsimulia hapa ni mtu mmoja na kisasi chake.

JE, ALITENGWA NA NANI?

Sasa tuje kwenye swali letu. Nani alimtenga Dom Jerónimo? Askofu gani alisoma hukumu?

Jibu ni kwamba haikuhitajika hukumu. Enzi hizo kila Alhamisi Kuu kule Roma ilisomwa hati ya Papa iliyoitwa kwa Kilatini In Coena Domini. Hati ile iliorodhesha makosa ambayo mtu akiyatenda anakuwa amejitenga na Kanisa kwa kitendo chenyewe. La kwanza kwenye orodha lilikuwa kuiasi imani, pamoja na uzushi na farakano. Kumfungulia mtu kifungo hicho kulikuwa mikononi mwa Papa, isipokuwa kama mtu yuko katika hatari ya kufa. Kwa hiyo siku ile Jerónimo alipotangaza kwamba si Mkristo tena, ni yeye mwenyewe aliyetoka nje na kuvuta mlango nyuma yake. Kanisa lilitamka tu kile alichokwisha kukifanya.

Mpaka leo sheria ya Kanisa ina adhabu ya namna hiyo. Kanuni ya 1364 inasema mwenye kuiasi imani, mzushi na mfarakanishi wanaangukia kutengwa kwa kitendo chenyewe. Kuna makosa mengine machache pia: kumkufuru Yesu wa Ekaristi kwa kutupa au kuchukua Hostia kwa nia mbaya, kumshambulia Baba Mtakatifu, padre kuvunja siri ya kitubio, kumweka askofu bila ruhusa ya Papa, kutoa mimba. Ni orodha fupi. Kuishi na mchumba bila ndoa hakumo. Kukosa zaka hakumo. Kutoonekana jumuiya hakumo. Anayeishi bila ndoa ya Kanisa hapokei Komunyo mpaka atengeneze mambo yake, hilo ni kweli, na ni jambo zito. Lakini hajatengwa. Bado ni wa nyumbani, aje Misa, aje jumuiya, asali na wenzake.

Halafu angalia jinsi sheria ilivyo na huruma. Asiyetimiza miaka 16 hapewi adhabu yoyote ya Kanisa. Na mtu aliyetenda kosa kwa kutishwa vikali haangukii kutengwa kwa kitendo chenyewe. Kule Mombasa wapo waliokubali kuikana imani kwa midomo ili wapone, wengine wakapelekwa utumwani Uarabuni. Tunawaheshimu mashahidi, ndiyo. Lakini hatuna ruhusa ya kuwadharau wale walioshindwa upanga ukiwa shingoni. Hata Petro alishindwa, tena mbele ya mjakazi tu, na akafanywa mwamba.

Jambo la mwisho kuhusu sheria: hata aliyetengwa kweli kweli anabaki amebatizwa. Alama ya ubatizo haifutiki. Ndiyo maana Kanisa linaita adhabu hii dawa. Haina maana kwamba mtu amehukumiwa kwenda motoni. Lengo lake ni amshtuke, aone alipofika, arudi. Mfalme Henri wa Nne wa Ujerumani alitengwa na Papa Gregori wa Saba, akaenda Canossa mwezi Januari 1077, akasimama nje kwenye baridi siku tatu kama mtubu, na Papa akamfungulia. Na zipo hukumu za kutenga zilizotolewa kimakosa. Sista Mary MacKillop wa Australia alitengwa na askofu wake mwaka 1871, askofu huyohuyo akiwa karibu kufa akaagiza afunguliwe mwaka 1872, na mwaka 2010 Sista yule akatangazwa mtakatifu. Yeye hakulikimbia Kanisa wala hakulitukana. Alivumilia na kusali.

MWISHO WA YUSUF

Unaweza kudhani kwamba baada ya kulipa kisasi Yusuf alipata amani. Hakupata. Mwanzoni mwa 1632 merikebu za Wareno zilifika kutoka Goa zikaizingira Mombasa. Aliilinda ngome vizuri, maana vita alifundishwa na haohao Wareno, wakashindwa na kuondoka. Lakini alijua watarudi. Mwezi Mei mwaka uleule akaiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapakia mali na mizinga kwenye merikebu aliyoiteka, akaondoka Mombasa moja kwa moja. Agosti 1632 Wareno wakaikuta ngome tupu, wakaingia.

Yaani kisasi chote kile, damu yote ile, na ufalme alioupigania baba yake hakuukalia hata mwaka mmoja.

Miaka iliyobaki aliishi baharini kama haramia, akizunguka Uarabuni, Komoro na Madagaska. Mwaka 1638 aliuawa katika Bahari ya Shamu. Alikuwa na miaka kama thelathini na moja. Alikufa mbali na kaburi la baba yake, lile alilokuwa akiliendea usiku.

Huko nyuma, Goa, Kanisa halikukaa kimya. Mara baada ya mauaji wale walionusurika waliitwa, wakaapishwa, wakatoa ushahidi wa waliyoyaona, ili wale waliouawa waweze siku moja kutangazwa mashahidi wa imani. Mpaka leo Mashahidi wa Mombasa bado hawajatangazwa wenyeheri, ila Wakristo wa pwani wanawakumbuka. Na Fort Jesus bado imesimama. Ukibahatika kufika Mombasa, juu ya lango utaona jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ya kapteni anayejisifu kwa kuwaadhibu watu wa pwani baada ya uasi. Jiwe la kujisifu lipo. Hakuna jiwe la kuomba radhi kwa kichwa cha Sultani Hasan.

TUNABEBA NINI?

Nimeyatafakari maisha ya mfalme huyu mbele ya Ekaristi, na nimetoka na mambo matatu.

Kwanza, usifiche kidonda chako nyuma ya dini. Unaweza kuwa kiongozi wa kwaya, mwanachama mzuri wa VIWAWA, unasoma masomo Misani kwa sauti nzuri, na ndani una kaburi unaloliendea usiku peke yako. Mpeleke padre huko kaburini. Mpeleke katekista unayemwamini, au mama mmoja wa jumuiya mwenye busara. Kisichosemwa hakifi, kinangoja siku yake.

Pili, ukimwona mwenzako kwenye kaburi lake, usikimbilie kwa kapteni. Yule aliyemwona mfalme akisali usiku alikuwa na habari ya kweli, akaipeleka mahali pasipofaa. Bwana wetu ametupa utaratibu: mwendee ndugu yako mkiwa wawili, akikataa nenda na mmoja au wawili, ndipo Kanisa. Sisi tunaanza na kundi la WhatsApp.

Tatu, tuache kulitumia neno kutengwa kama fimbo. Hapa Kasanda kuna vijana ambao wangerudi kesho asubuhi kama mtu angewaambia ukweli kwamba hawajawahi kutengwa na yeyote. Na hata kama yupo aliyetengwa kweli, padre yeyote anaweza kumwondolea akiwa katika hatari ya kufa, na akiwa mzima ipo njia ya kupitia kwa padre wake na askofu. Kazi yetu ni kumsindikiza afike. Wiki hii mtafute mmoja tu. Usimhubirie. Nenda mkalime naye, mle naye muhogo, halafu mwambie Jumapili utampitia muende wote.

Tumwombee na Yusuf Jerónimo. Alibatizwa kama sisi, na hatujui Mungu alizungumza naye nini baharini katika saa yake ya mwisho. Tumwombe António wa Malindi na wenzake watuombee.

Ee Bwana Yesu, wewe ulimfuata kondoo mmoja ukawaacha tisini na tisa. Waponye vijana wenye msiba wasiousema. Utuondolee moyo wa kisasi. Uwarudishe nyumbani waliotoka, na sisi tuliobaki ndani utufundishe kuacha mlango wazi. Amina.

Tuzidi kuombeana, vijana. Kristo!... Tumaini letu!